Jinsi ya kuomba nafuu ya gharama za dawa Pemba na Unguja

Mgonjwa wa presha au wa sukari hanunui dawa mara moja akamaliza. Hununua mwezi huu, mwezi ujao, na mwakani Mungu akimpa uhai. Elfu mbili tatu inayozidi leo kwenye cheti cha dawa itazidi kila mwezi, na mwisho wake mtu huanza kuruka siku au kugawana vidonge na mwenzake wa nyumbani, mpaka anaanguka. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na wa mtoto au mjukuu anayemuuguza. Nimeifikiria Pemba zaidi kuliko Unguja, kwa sababu huku nauli ya gari, na kwa watu wa Kojani nauli ya mashua pia, huondoka mfukoni kabla hata ya dawa kutajwa bei.

Nafuu huombwa mapema. Wengi wetu tunaanza kulalamika tukiwa mbele ya muuza dawa, wakati cheti kimeshaandikwa. Yule hana mamlaka ya kubadilisha alichoandika daktari. Mahali pa kuuliza ni chumbani kwa daktari, kabla hujainuka kwenye kiti.

Kabla ya kutoka nyumbani

Chukua kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na kama mgonjwa ni mtoto, cheti chake cha kuzaliwa. Chukua daftari la kliniki na vyeti vya dawa vya nyuma, hata vilivyochakaa. Halafu kusanya dawa zote anazotumia mgonjwa, pamoja na maboksi na karatasi zake, zikiwemo alizopewa na jirani na za miti shamba, uzitie kwenye mfuko mmoja.

Mfuko huo ni muhimu kuliko unavyodhani. Dawa moja huwa na majina mengi. Norvasc ni amlodipine, na Glucophage ni metformin. Mzee aliyetibiwa Chake Chake mwezi uliopita, kisha akatibiwa Unguja alipokwenda kumtembelea mwanawe, anaweza kuwa na maboksi mawili ya rangi tofauti akameza yote, kumbe ni dawa ile ile mara mbili. Analipa mara mbili na presha inashuka kupita kiasi. Daktari akiyaona maboksi mezani atalitambua hilo mara moja. Akisimuliwa kwa mdomo, "kuna kile kidonge cheupe na kile cha njano", hawezi.

Uliza pia habari ya bima. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar umeanzishwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2023. Ulianza na watumishi wa umma, kisha ukafuata upande wa sekta binafsi. Mwenye ajira huandikishwa kupitia kwa mwajiri wake, basi swali la kwanza lipeleke kwa afisa utumishi wa ofisi yako: je, nimeandikishwa, na nani katika familia yangu wanaingia? Andaa cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Jina kwenye cheti likitofautiana na jina kwenye kitambulisho, hata kwa herufi moja, lirekebishe sasa, si siku mtoto anapoumwa. Ukishaandikishwa, uliza ni hospitali na famasi zipi zinazopokea bima hiyo katika wilaya yako, na dawa zako zimo au hazimo.

Chumbani kwa daktari

Watu wazima wengi huona haya kumuuliza daktari habari ya pesa. Hakuna utovu wa adabu hapa. Daktari anataka upone, na dawa usiyoweza kuinunua haikuponyi. Sema kwa upole na waziwazi: "Dokta, naomba uniandikie jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni." Ukiandikiwa amlodipine, famasi itakupa iliyopo ya bei ndogo. Ukiandikiwa jina la biashara, utakwenda kuitafuta hiyo hiyo mji mzima. Dawa zisizo na jina kubwa zina kiungo kile kile na kipimo kile kile, mradi zimesajiliwa.

Ipo tahadhari hapa, na naomba isipuuzwe. Dawa za kifafa, warfarin ya kuzuia damu kuganda, na levothyroxine ya tezi hazibadilishwi kampuni ovyo, kwa sababu tofauti ndogo tu inaweza kumdhuru mgonjwa. Hizo zibadilishwe kwa idhini ya daktari tu, naye atataka kukuona tena au kukupima.

Kisha muulize: "Hii ipo dirishani kwenu?", yaani kwenye dirisha la dawa la hospitali. Hospitali za Serikali huagiza dawa kutoka Bohari Kuu ya Dawa kwa kufuata orodha ya dawa muhimu. Mara nyingi daktari ana njia mbili za kutibu tatizo lile lile, moja imo kwenye orodha na nyingine haimo. Asipoulizwa, ataandika aliyoizoea.

Cheti kikiwa na dawa tano, uliza ipi ni ya lazima na ipi ni ya kusaidia tu. Vitamini, dawa ya kikohozi na ya kupaka huweza kula pesa ya dawa ya moyo. Usijiamulie mwenyewe famasi kwamba hii naacha hii nachukua, maana watu huacha ile ya bei kubwa, na mara nyingi ndiyo inayowaweka hai.

Mwisho, kama hali yako imetulia, omba uandikiwe dawa za miezi miwili au mitatu kwa pamoja. Wanaotumia dawa za VVU tayari hupewa za miezi kadhaa wakiwa wametulia, na kwa mgonjwa wa presha anayevuka maji kuja kliniki, kupunguza safari ni nafuu kubwa kuliko punguzo lolote la famasi. Daktari anaweza kukataa kwa sababu za kitabibu, kama vile presha haijakaa sawa au figo zinahitaji kupimwa, na hapo mkubalie.

Dirisha la dawa

Serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu bila malipo baada ya 1964, na mpaka leo mahali pa kuanzia ni dirisha la hospitali ya Serikali au kituo cha afya cha karibu. Dawa za kifua kikuu na za VVU hutolewa bure, na za malaria vilevile kwenye vituo vya Serikali. Ukidaiwa pesa ya dawa hizo huko, omba risiti, halafu upeleke suala kwa mkuu wa kituo.

Dawa ikiwa haipo, usiondoke na neno "haipo" peke yake. Muombe mfamasia aandike kwenye cheti kwamba dawa fulani haikuwapo, na tarehe. Maneno hayo machache ndiyo ushahidi wako kwenye hatua inayofuata. Muulize pia kama mzigo unatarajiwa, na kama anaweza kupiga simu hospitali jirani. Dawa iliyoisha Wete inaweza kuwa imo Chake Chake au hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, na simu moja itakuokolea nauli ya kwenda na kurudi bure.

Kuomba msaada kwa maandishi

Kama dawa haipatikani dirishani na bei ya famasi huiwezi, andika barua. Ombi la mdomo husahaulika akibadilishwa zamu mtu uliyezungumza naye.

Anza kwa sheha, kiongozi wa shehia yako. Nenda na kitambulisho, cheti chenye maelezo ya mfamasia, na karatasi ya bei kutoka famasi. Mueleze hali ya nyumbani ilivyo: watu wangapi, nani anafanya kazi, kipato kinatoka wapi. Muombe barua itakayotaja ofisi inayokwenda. Barua ya sheha iliyoandikwa "kwa yeyote anayehusika" huzungushwa meza kwa meza.

Kisha andika ombi lako kwa Daktari Dhamana, yaani daktari msimamizi wa hospitali unayotibiwa, na nakala kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Unaweza kufuata namna hii:

*Daktari Dhamana,*
*Hospitali ya ________,*
*Pemba.*

*Kupitia kwa: Sheha wa Shehia ya ________*

*YAH: OMBI LA NAFUU YA GHARAMA ZA DAWA*

*Kwa heshima, husika na mada iliyo hapo juu. Mimi ni ________, mwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi namba ________, mkaazi wa ________. Ninatibiwa kliniki ya sukari katika hospitali yako tangu mwaka ________. Nimeandikiwa dawa mbili. Ya kwanza ninaipata dirishani. Ya pili haikuwapo tarehe ________ na tarehe ________, kama alivyoandika mfamasia kwenye cheti nilichoambatisha. Kwenye famasi inauzwa shilingi ________ kwa mwezi.*

*Kipato changu ni Pensheni Jamii, na ninaishi na wajukuu wawili wanaosoma skuli ya msingi. Naomba nipatiwe dawa hiyo kupitia hospitali, au nibadilishiwe nyingine iliyopo, au nisaidiwe sehemu ya gharama.*

*Nimeambatisha nakala ya kitambulisho, cheti cha dawa, barua ya Sheha na bei kutoka famasi. Namba yangu ya simu ni ________.*

Tazama kwamba barua imeomba mambo matatu, si moja. Ofisi isiyoweza kutoa pesa huenda ikaweza kubadilisha dawa, na hilo nalo ni msaada. Taja kipato chako kwa ukweli. Pensheni Jamii, posho ya Serikali kwa wazee, ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na kuendelea, ikapandishwa hadi 50,000. Ukiweka kiasi hicho pembeni ya bei ya dawa, afisa ataona mwenyewe bila wewe kulia.

Kwa Waislamu wenye shida iko pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo zaka ni miongoni mwa kazi zake. Karatasi zile zile ulizokusanya zitakufaa huko, ila barua iandike upya kwa jina la ofisi hiyo. Misikiti na matajiri wa mtaani husaidia zaidi Ramadhani. Omba kabla, Shaaban, wakati hesabu za zaka bado zinapangwa.

Ukilazimika kununua

Uliza bei famasi tatu, na uliza kwa kidonge, si kwa boksi. Boksi moja lina vidonge 28, jingine 30, jingine 100, na bei ya boksi pekee hudanganya. Zidisha bei ya kidonge kwa vidonge vya siku, kisha kwa 30, ndiyo gharama yako ya mwezi. Anayevuna karafuu huwa na pesa kwa msimu. Akinunua dawa za miezi mitatu wakati huo, atakuwa salama pesa ikikauka, ila aangalie tarehe ya mwisho ya matumizi kabla ya kulipa.

Duka liwe limesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Usinunue dawa za cheti dukani kwa dawa baridi, wala kwa mtu anayezileta kwenye mkoba, hata awe ndugu. Na kidonge kisikatwe nusu ili kirefushe siku bila mfamasia kukubali. Vipo vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole, na ukivikata dawa yote humwagika mwilini kwa mara moja.

Insulini ina hesabu yake. Kichupa cha mililita 10 chenye nguvu ya 100, yaani uniti 100 kwa kila mililita, kina uniti 1,000. Anayejidunga uniti 30 kwa siku kitamtosha siku 33, lakini kikishafunguliwa hakitumiwi kupita wiki nne au hivi, kwa hiyo kidogo kitamwagwa. Kalamu ina uniti 300 tu, na kwa kawaida huwa ghali zaidi kwa kila uniti. Ukiandikiwa kalamu, uliza kama kichupa na sindano vinakufaa. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinatakiwa nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Pasipo friji, au umeme ukikatika, kifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, ukiweke ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa, kivulini penye upepo. Insulini iliyopata joto la jua huenda isionekane imeharibika, lakini sukari haitashuka inavyotakiwa, na utakuwa umenunua bure.

Baada ya kupeleka barua

Toa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Muulize karani jibu litatoka lini na kwa njia gani. Siku ikipita, rudi na nakala yenye muhuri, usianze kusimulia upya. Ukikubaliwa, uliza msaada ni wa miezi mingapi, na daktari akibadilisha dawa yoyote baadaye, peleka cheti kipya wiki hiyo hiyo, kwa sababu kibali kimeandikwa kwa majina ya dawa za zamani.