Somo: kumtafuta na kumhesabu Syngnathoides biaculeatus kwenye nyasi bahari

Samaki huyu ni jamaa wa farasi-bahari, ila amenyooka kama kijiti. Mwili wake una pembe nne, hafiki sentimita 30, na mkia hauna pezi. Kazi ya mkia ni kujishikiza kwenye majani.

1. Subiri bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Pwani ya Unguja maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa 4 hadi 5 asubuhi. Ingia saa moja kabla. Kusi ikivuma kwa nguvu, ahirisha, maana huoni chini.

2. Chukua miwani ya kuzamia, viatu vya mpira, kamba ya mita 50, rula, penseli na kibao cha plastiki cha kuandikia.

3. Laza kamba, kisha kaa dakika 10 tope litulie. Ukitembea, buruza miguu: samaki taa aliyejifukia atakimbia kabla hujamkanyaga.

4. Elea taratibu, ukitazama upana wa mita 1 tu. Rudi upande wa pili wa kamba. Jumla ni mita za mraba 100. Hapa ndipo wengi hupitwa. Rangi yake ni kijani au kahawia ile ile ya jani, na wimbi likija huyumba nalo. Basi fuata kila jani mpaka shinani. Jani limeota mchangani. Yeye amejizungusha mkia kwenye jani jingine, na upande wa pili utaona jicho.

5. Mpime akiwa majini, rula pembeni yake, toka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Mwenye mayai tumboni ni dume. Usimshike: mayai yamegandama nje, hayana mfuko kama wa farasi-bahari, na kiganja huyabandua.

MASWALI

Mwalimu, nikimwona mara mbili?
Ukirudi upande wa pili, usivuke kamba hata kwa jicho. Aliye juu ya kamba mhesabu mara ya kwanza tu.

Naweza kumfuga kwenye tangi la nyumbani?
Afadhali usijaribu, ndugu. Hana meno wala tumbo la kuhifadhi chakula. Hufyonza vijidudu hai jamii ya uduvi siku nzima. Chakula kikavu atakiacha, akonde, afe.

Juya, yaani wavu wa kukokota, likimleta juu, nifanyeje?
Mrudishe mara moja, pamoja na majani aliyoshikilia. Usimvute mkia kumtoa.