Kufundisha Persepolis kwa kidato cha tatu

Persepolis ni kitabu cha katuni ambamo Marjane Satrapi anasimulia utoto wake Iran. Anza na ukurasa wa kwanza, na usitaje Iran kabisa. Marjane Satrapi kajichora akiwa na miaka kumi, mwaka 1980, kavishwa mtandio, mikono kaikunja. Picha inayofuata ni ya wasichana wanne wa darasa lake. Yeye kakaa pembeni kabisa, hata haonekani. Mimi hufunika maneno kwa vipande vya karatasi kabla ya kutoa fotokopi, kisha nauliza: nani hayupo? Waache wabishane. Wakifika pale wasichana wanapoigeuza mitandio kamba ya kuruka, hata wale wakimya hufungua mdomo.

Historia yenyewe ipitie haraka: mapinduzi ya Kiislamu ya 1979, ambayo baada yake mtandio ukawa lazima kwa amri ya serikali, na vita na Iraq kuanzia 1980 hadi 1988.

Kazi iko hapa. Nafundisha Tanga, na wasichana wangu wengi wanavaa hijabu kwa imani yao wenyewe. Sitaki atoke hata mmoja akihisi kasemwa. Gawa ubao pande mbili, "ninachoamini" na "serikali inachoniamuru", wapange kila tukio upande wake. Wakumbushe kwamba Marjane huyo huyo, utotoni, alitamani kuwa nabii.

Kurasa ambazo Mungu kachorwa kama mzee mwenye ndevu nyeupe siziingizi darasani. Filamu ya kitabu hiki iliporushwa kwenye televisheni Tunisia mwaka 2011, picha hiyo ndiyo iliyozua ghasia. Waandikie wazazi mapema, uwaeleze unafundisha nini na umeacha nini. Kurasa za mateso ya gerezani nazo zisome mwenyewe kwanza.

Halafu tenga kipindi kizima kwa ajili ya funguo. Wavulana wa familia maskini walipewa shuleni funguo za plastiki zilizopakwa rangi ya dhahabu, wakaambiwa wakifa vitani zitawafungulia pepo. Kwenye ukurasa mmoja, juu, miili yao myeusi inarushwa na mabomu ya ardhini, funguo zikining'inia shingoni. Chini yake Marjane yuko kwenye pati yake ya kwanza, kavaa sweta lenye matundu na mkufu wa minyororo na misumari. Usiwafafanulie. Uliza tu: shingo za juu zina nini, shingo ya chini ina nini? Watoto wa nani walipelekwa, wa nani walibaki? Hapo nyamaza, hata dakika nzima, maana jibu la kwanza huwa la kukufurahisha wewe mwalimu.

Nyumbani wachore picha nne za amri moja waliyowahi kupewa bila kuelezwa sababu. Penseli nyeusi tu, na picha ya mwisho isiwe na maneno.