Somo: Kupika dabu yenye roho ya Chennai

Wakuu, salaam. Ukitaja muziki wa Kitamil, wa kusini mwa India, wengi wanawaza filamu. Leo twende jiji la Chennai, upande wa kaskazini, mitaa ya Vyasarpadi na Royapuram, kwenye muziki wa gaana. Gaana ni wa watu wa hali ya chini, na huimbwa sana msibani, kumlilia marehemu. Dabu (dub) nayo ni muziki uliotokana na rege, wa Kingston, Jamaika, ambako fundi wa vyombo vya umeme King Tubby, miaka ya 1970, alikuwa akizima sauti ya mwimbaji katikati ya wimbo na kuacha mwangwi wake tu. Nazikutanisha kwa sababu zote mbili ni muziki wa aliyeondoka. Ukilishika hilo, mengine ni ufundi.

Hatua ya 1: Mwendo. Gaana nyingi hutembea kwa sita kwa nane, yaani mapigo madogo sita, matatu kwa kila pigo kuu. Weka mapigo makuu 80 kwa dakika, kila moja ligawanye mara tatu. Pigo kuu ni milisekunde 750, pigo dogo 250.

Hatua ya 2: Parai. Ni ngoma bapa ya fremu yenye ngozi ya ng'ombe, hupigwa kwa fimbo mbili: moja nyembamba ndefu, nyingine nene fupi. Wapigaji huikausha kwa moto ili ngozi ikaze na sauti ipasue. Kwa hiyo usiizimezime kwa vichujio. Iache kavu, mbele kabisa.

Hatua ya 3: Besi. Noti tatu au nne zinatosha. Besi ianze baada ya pigo la kwanza, si juu yake, maana pale pameshakaliwa na parai.

Hatua ya 4: Mwangwi. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanachukua vipimo vya rege, yaani nne kwa nne, kisha mwangwi unagombana na ngoma. Weka milisekunde 500, sawa na mapigo madogo mawili. Mwangwi utaangukia mara tatu ndani ya mapigo makuu mawili, na wimbo utaanza kuyumba kama mtu anayetembea nyuma ya jeneza. Mimi hapo huwa naacha kila kitu na kusikiliza tu.

Hatua ya 5: Mtaa. Honi ya bajaji, treni ya kutoka stesheni ya Beach kwenda Tambaram, kahawa ikimiminwa toka juu. Sauti moja, mara mbili katika wimbo mzima. Basi.

Hatua ya 6: Changanya kwa mkono, kwa mkupuo mmoja, ukizima na kurudisha. Usichore mabadiliko ya sauti kwa kipanya kwenye kompyuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mwangwi wangu unapanda mpaka unalipuka. Nifanyeje?
Weka kichujio kwenye njia ya marejeo (feedback), yaani pale mwangwi unaporudishwa ndani ili ujirudie tena, ukate kila kilicho chini ya Hz 250. Besi isiingie humo kamwe. Halafu kidole kisiondoke kwenye kitufe cha marejeo.

Sina parai. Dufu litafaa?
Litafaa, ila lipige kwa vijiti, na ukiandika maelezo ya wimbo sema ni dufu. Parai ni ngoma ya jamii za Kidalit, yaani zilizowekwa chini kabisa katika matabaka ya India, zilizodharauliwa karne nyingi kwa sababu ya kazi hiyo hiyo ya kupiga mazikoni. Leo wanaipiga kwa fahari. Jina hilo lina wenyewe.

Naruhusiwa kukata sauti ya gaana mtandaoni?
Bila idhini, hapana. Huyo anamlilia mtu wake. Tafuta mwimbaji, mlipe. Kwa kujifunza, sikiliza The Casteless Collective, kundi lililoanzishwa 2017 na mwongozaji filamu Pa. Ranjith pamoja na mwanamuziki Tenma; wameunganisha gaana na roki na rapu bila kuipunguzia makali.

Huku Mombasa sita kwa nane tunayo kwenye chakacha. Hesabu ni ile ile?
Ile ile. Ongeza mwendo tu, ukokotoe upya: 60,000 gawa kwa mapigo makuu, gawa kwa tatu, zidisha kwa mbili. Ukimaliza weka hapa tusikie.