Kukokotoa pembetatu mraba ya tufe kwa duara la Napier

Pande za pembetatu ya tufe ni vipande vya duara kuu (duara lenye kitovu kimoja na tufe lenyewe), kwa hiyo nazo hupimwa kwa nyuzi. Pembe moja ikiwa ya nyuzi 90, nawe unajua vipimo vingine viwili, kanuni mbili alizochapisha mwanahisabati John Napier mwaka 1614 zinatosha kupata vipimo vilivyobaki.

Hatua ya 1. Chora kwanza, kikokotoo baadaye. Pembe mraba iite C na upande unaoikabili c. Pembe A inakabiliwa na a, B na b. Usidhani c lazima uwe upande mrefu kuliko yote. Kwenye tufe si lazima.

Hatua ya 2. Chora duara lenye sehemu tano, uzijaze kwa kuzunguka: a, b, 90−A, 90−c, 90−B. C haiingii.

Hatua ya 3. Chagua sehemu moja iwe ya kati. Sini yake ni zao la tanjenti za jirani zake wawili. Ni zao pia la kosini za zile mbili zisizopakana nayo.

Tuseme a = 30° na b = 45°. Ukiiweka 90−c katikati, a na b haziigusi, hivyo:

cos c = cos 30° × cos 45° = 0.6124, c = 52.24°

Ukiiweka b katikati: tan A = tan 30° ÷ sin 45° = 0.8165, A = 39.23°. Kwa a: tan B = tan 45° ÷ sin 30° = 2, B = 63.43°.

Hatua ya 4. Hakiki kwa fomula ambayo hukuitumia: 1 ÷ (tan A × tan B) = 0.6124, sawasawa na cos c. Jumla ya pembe ni 192.66°, kwenye tufe ni lazima ipite 180°.

Sasa mtego wenyewe. Kosini na tanjenti hubadili alama baada ya 90°, hivyo jibu huwa moja. Sini haibadiliki. Ukipewa a = 30° na A = 45°, ukiiweka a katikati, sin c = sin 30° ÷ sin 45° = 0.7071, na c ni 45° au 135°. Yote mawili ni sahihi: duara kuu mbili zinazotoka kwenye A hukutana tena upande wa pili wa tufe, na a hukata umbo hilo kuwa pembetatu mbili. Andika zote mbili. Kila c iambatanishe na b yake: kwa kuwa a ni chini ya 90°, c na b huwa upande mmoja wa 90°. Hivyo 45° huenda na b = 35.26°, na 135° na b = 144.74°.