Dinari za Warumi: jinsi ya kuzikusanya na kujua mwaka wake ukiwa hapa Uganda

Wengi wakisikia sarafu ya fedha ya Kirumi wanafikiria makumbusho ama tajiri fulani wa Ulaya, kumbe banange, dinari ya kawaida ya kaisari Severus Alexander iliyochakaa kidogo unaweza kuipata kwa bei ya simu ya bei rahisi pale Kampala. Sababu yake ni kwamba watu wa zamani vita ikija walikuwa wanazika hela zao, wengine hawakurudi kuzichimbua, na vyungu hivyo vinatoka mpaka leo. Pale Reka Devnia, Bulgaria, mwaka 1929 zilitoka dinari zaidi ya 80,000 sehemu moja. Kitu kikiwa kingi hivo bei inashuka tu, hata kama kina miaka 1,800. Kinachopandisha bei ni kaisari mwenyewe, mfano Otho alitawala miezi mitatu tu mwaka 69 baada ya Kristo, dinari yake hata ikiwa mbovu inaumiza mfuko.

Anaeanza namwambia kitu kimoja: usinunue mng'ao, nunua maandishi. Sarafu ambayo herufi zake zinasomeka zote inakutajia mwaka wake yenyewe, ile inayometameta lakini maandishi yamekatika itakuachia jina la kaisari na basi.

Vifaa si vingi. Mzani mdogo kama ule wa masonara unaosoma mpaka 0.01 ya gramu, lenzi ya kukuza mara 10, rula ya milimita, sumaku, tochi ya simu. Na daftari.

Anza na uzito. Enzi za Augustus dinari ilikuwa inakaribia gramu 3.9, ratili moja ya Kirumi ilitoa dinari 84. Mwaka 64, mwaka uleule Roma iliungua, Nero akaamua ratili itoe 96, uzito ukashuka kuja kwenye gramu 3.4 hivi na fedha yenyewe akaipunguza. (Huyu Nero ndo yule alietuma maaskari wapande na mto Nile watafute unakoanzia, wakakwama kwenye mabwawa makubwa ambayo wengi wanaamini ni yale ya Sudd huko Sudan Kusini, Jinja hawakuiona.) Septimius Severus nae alipochukua nchi mwaka 193 haikuchukua muda fedha ndani ya dinari ikabaki kama nusu. Halafu mwaka 215 mwanae Caracalla akaleta sarafu mpya kubwa kidogo, antoniniano, ya gramu 5 hivi, na hio unaijua mbali kwa sababu kaisari amevaa taji la miale badala ya taji la majani, na kama ni mwanamke kifua chake kinakaa juu ya mwezi mwandamo. Kufika utawala wa Gallienus miaka ya 260 hio antoniniano imekuwa shaba iliyopakwa fedha juu juu tu. Kwa hio kabla hujasoma hata herufi moja, taji na mzani vimeshakusogeza karibu sana.

Sasa kusoma, hapa ndo penye utamu. Sarafu nyingi za karne ya pili na ya tatu maandishi yanaanzia chini kushoto, pale namba 7 inapokaa kwenye saa ya ukutani, yanazunguka kuelekea kulia. Hakuna nafasi kati ya maneno kama tulivyozoea, U inaandikwa V, na nne mara nyingi ni IIII. Upande wa kichwa unakupa jina: IMP na CAES na AVG ni vyeo vya ukubwa, katikati yake ndo majina. Mwaka unautafuta kwenye vitu hivi: TR P, COS, IMP yenye namba (mara ngapi alishangiliwa kwa ushindi wa vita), na majina ya ushindi yanayotaja watu ama nchi alizozishinda, kama GERM, DAC, PARTH, BRIT.

TR P ndo ufunguo. Ni mamlaka ya mtetezi wa raia ambayo kaisari alipewa na ikawa inahesabiwa upya kila mwaka, ni kama mtoto wa shule, mwaka huu yuko P.6 mwakani P.7, tofauti ni kwamba huku hakuna kurudia darasa. COS ni ukonsuli, cheo kikubwa cha serikali ya Roma (si konsuli wa ubalozi), huo hauji kila mwaka, kwa hio COS III inakaa palepale mpaka apate wa nne, kama ataupata. P P ni baba wa taifa, P M ni kuhani mkuu, hivyo viwili mara nyingi havikusaidii sana.

Tuchukue moja tuisome pamoja. Upande wa kichwa IMP C M AVR SEV ALEXAND AVG, nyuma kuna Mars, mungu wa vita, anatembea na mkuki, na maandishi P M TR P VI COS II P P. Jina ni Severus Alexander, aliingia mwaka 222, huo ndo TR P yake ya kwanza, sasa hesabu mpaka ya sita: 227. Usiishie hapo, ijaribu na ukonsuli. Wa pili aliupata 226 na wa tatu 229, kwa hio COS II lazima iangukie kati ya 226 na 228, na 227 imo ndani. Vitu viwili vikikubaliana hivo, tulia, umeipata. Vikigombana umesoma herufi vibaya, mara nyingi ni V iliyofutika upande mmoja ikaonekana I.

Ila angalia mtego huu: usihesabu siku zote kuanzia siku alipokuwa kaisari. Marcus Aurelius alianza kutawala 161, lakini TR P alianza kupewa 147 akiwa bado mrithi. Ukikuta ANTONINVS AVG ARMENIACVS na nyuma TR P XVIII ukaanza kuhesabu toka 161 utafika 178, miaka miwili tu kabla jamaa hajafa, unashangaa mbona sura ni ya kijana hivi. Jibu sahihi ni 163-164. Naandika miaka miwili kwa sababu enzi zile hesabu ilikuwa inapanda tarehe 10 Disemba, si Januari.

Na hilo jina ANTONINVS limewachanganya wengi. Wamelitumia Antoninus Pius, Marcus Aurelius, Caracalla na Elagabalus, wote wanne. Hapo angalia sura na vyeo vya pembeni. Caracalla alianza kuchorwa akiwa mtoto wa mashavu, kufika 210 ana ndevu na uso wa hasira, na ANTONINVS PIVS AVG BRIT ni 210 mpaka 213, ikiwa GERM badala ya BRIT ni 213 mpaka 217. Elagabalus mara nyingi ana nyota ndogo pembeni upande wa nyuma.

Kama hakuna TR P kabisa usikate tamaa, unapata kipindi badala ya mwaka. Mama yake Caracalla, Julia Domna, ni mfano mzuri: IVLIA DOMNA AVG ni 193 mpaka 196, IVLIA AVGVSTA ni 196 mpaka 211, IVLIA PIA FELIX AVG ni baada ya mumewe kufa, 211 mpaka 217. Trajan anakera kidogo, COS V yake ilikaa kuanzia 103 mpaka 111 na dinari za hio miaka ni nyingi kweli, COS VI ni 112 mpaka 117. Ukiona DIVVS ama DIVA basi mwenye sura alishakufa wakati sarafu inapigwa. Ukishapata jibu lako lihakiki kwenye OCRE, katalogi ya sarafu za makaisari wa Roma, ni bure kwenye intaneti, unaandika maandishi inakutolea picha na namba ya RIC, yaani namba ya sarafu kwenye vitabu vinavyoziorodhesha.

Feki zipo, tena nyingi. Ya kumimina kwenye kalibu utaiona kwenye ukingo, kuna mstari unazunguka ama alama za tupa ya kuufuta, usoni kuna vitundu vidogo vya hewa na herufi zimelegea kama sabuni iliyotumika. Sarafu halisi ilipigwa kwa nyundo kwa mkono, kwa hio hazitoki mbili zinazofanana kila kitu, ukikuta mbili zimepasuka ukingo palepale na zimekaa upande kwa kiasi kilekile, moja ama zote ni mtoto wa kalibu. Sumaku ikiivuta, mrudishie mwenyewe. Ila ukiona shaba ndani na fedha imebanduka usiitupe, kuna feki za Warumi wenyewe, shaba iliyovalishwa fedha, na kuna watu wanazikusanya hizo tu. Na mtu akikwambia ameichimbua shambani kwa babu yake Masaka, mpe pole uendelee na safari yako, Warumi huku hawakutawala.

Kununua, hapa kwetu sijaona duka la kueleweka, utaagiza nje. Tafuta muuzaji anaekupa dhamana ya uhalisi bila kikomo cha muda, anaeandika uzito na kipenyo, na anaesema sarafu ilitoka wapi. Nchi kama Italia, Uturuki na Misri zina sheria kali za vitu vya kale, kitu kisichokuwa na historia kinaweza kukuletea kesi. Kwenye mnada kumbuka kuna asilimia ya nyumba ya mnada juu ya bei uliyoshinda, mara nyingi 20 ama zaidi, halafu posta na bima, halafu ushuru, kwa hio piga hesabu yote na uwaulize watu wa URA kabla hujabonyeza.

Ikifika usiisafishe. Dawa ya meno, ndimu, majivu, vyote hapana, ile rangi nyeusi ya uzee ndo nusu ya bei. Ikiwa na udongo iloweke siku kadhaa kwenye maji yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke, yale wanauza petrol steshen kwa ajili ya betri, lakini soma kibandiko, kuna chupa inakaa pembeni yake ni asidi. Usiweke kwenye vifuko vya plastiki laini ya PVC, vinatoa utelezi wa kijani, na sisi tunaokaa karibu na ziwa unyevu unazidisha, kwa hio tia paketi za silika jeli kwenye boksi, zile zinazokuja na viatu.

Kila sarafu iwe na kadi yake: kaisari, maandishi ya pande zote mbili kama yalivyo hata yaliyokatika, uzito, kipenyo, mwaka na ulivyoupata, namba ya RIC. Nyuma ya kadi andika ulinunua kwa nani, lini, bei gani, na ubandike risiti hapohapo, maana siku ukitaka kuuza, mnunuzi wa maana ataulizia hio karatasi kabla hajaiangalia sarafu yenyewe.