Kioo cha laptopu kimepasuka ndani ya waranti, nao wanasema umekiangusha: hatua za kudai haki yako

Wanachama, hamjambo. Somo hili niliahidi tangu Ramadhani, lakini nilitaka kwanza laptopu yangu irudi mikononi ndipo niseme.

Ilikuwa na miezi saba. Usiku nilimaliza kusahihisha mitihani, nikaifunga, nikaiacha mezani. Alfajiri nafungua, naona ufa umeanzia pembe ya chini kushoto, pale juu ya bawaba, umepanda kama mshipa wa jani hadi katikati, na kando yake doa jeusi mithili ya wino uliomwagika. Haikuanguka, wala mtoto hakuikalia. Kituo cha huduma kikaniandikia maneno matatu, "uharibifu wa mteja", na bei ya kioo kipya chini yake. Nililia, sifichi.

Elewa kwanza ugomvi wenyewe. Waranti ya kawaida ya mtengenezaji hulipia kasoro ya vifaa na ya uundaji, ajali hailipii. Kwa hiyo mnabishania jambo moja tu: kilichopasua kioo kimetoka nje, au kilikuwamo ndani ya mashine?

Hatua ya kwanza: piga picha kabla ya yote. Usiifungue na kuifunga ovyo, maana ufa hukua. Piga kioo kikiwa kimezimwa, ukikimulika tochi ya simu kwa ubavu, kisha kikiwa kimewashwa. Piga mgongo wa kifuniko, pembe zote nne, bawaba kwa upande, na namba ya mashine iliyo chini. Halafu mtu akurekodi video ukiinua kifuniko polepole. Yangu ililia "kwii", na fremu ya plastiki ikaachama upande wa bawaba kiasi cha kuingia ukucha. Bila video ile nisingeweza kumweleza mtu akaamini.

Hatua ya pili: usome ufa. Hapa usiharakishe. Kioo kilichopigwa huwa na kitovu: mahali pamoja ambapo nyufa nyingi hutawanyika kama utando wa buibui, na mara nyingi utakuta kibonyeo kwenye kifuniko au pembe iliyokwaruzika. Kioo kilichofungiwa kalamu au spika za masikioni huwa na kitovu hicho mkabala na kibodi, kikiwa na umbo la kile kilichobanwa. Ufa wa bawaba ni tofauti. Huanzia ukingoni, huwa mmoja au miwili, na hauna kitovu. Bawaba ikikaza kupita kiasi, au mahali iliposhikiziwa pakilegea, kila ukiinua kifuniko nguvu inakwenda kwenye pembe ya kioo badala ya kwenye chuma, na siku moja pembe inashindwa.

Pitisha ukucha juu ya ufa. Ukiteleza bila kukwama, kilichovunjika ni tabaka la ndani. Lakini usijenge kesi yako juu ya hilo peke yake, kwa sababu hata mkandamizo wa mgongoni huvunja ndani na kuacha uso laini. Kisha unganisha televisheni kwa kebo ya HDMI. Picha ikitokea kamili, tatizo ni la kioo na wala si la mashine, nawe utumie nafasi hiyo kunakili mafaili yako yote.

Na ukiona kitovu, ukakumbuka kwamba ni kweli ilianguka, tafadhali ishia hapa ulipe. Kila anayedanganya anatuongezea sisi wengine ugumu wa kuaminiwa.

Hatua ya tatu: siku ya kukabidhi, isome fomu ya mapokezi. Mimi walikuwa wameandika "kioo kimevunjika" basi. Nikaomba iongezwe: "ufa unaanzia kwenye bawaba, kifuniko hakina kibonyeo wala mkwaruzo." Yule kijana wa mapokezi aliigeuzageuza, akakubali, akaandika. Ipige picha fomu hiyo ikiwa na sahihi zote mbili.

Hatua ya nne: wakikukatalia, wasimulizi wawe maandishi. Usigombane kwenye kaunta. Niliandika barua pepe hii:

"Naomba picha inayoonyesha mahali kioo kilipopigwa, kifungu cha waranti mnachokitegemea, na ripoti ya fundi aliyekagua pamoja na tarehe. Naomba pia mashine isirekebishwe wala kipande kisitupwe kabla sijajibiwa."

Wakatuma picha baada ya siku nne. Walikuwa wamekizungushia duara jekundu kile kipande cha juu ya bawaba, fremu ikiwa imeshavuliwa. Na ndani ya duara hilo, wazi kabisa, nati ndogo ya shaba inayoshika skrubu ya bawaba imeng'oka kwenye plastiki yake. Picha yao wenyewe ndiyo iliyonitetea.

Hatua ya tano: mpande juu. Kituo cha huduma mara nyingi ni wakala tu. Niliwapelekea watengenezaji wenyewe picha, video na fomu, nikamnakilia aliyeniuzia. Siku ya ishirini na tatu wakakubali. Sisitiza wabadilishe na bawaba, la sivyo kioo kipya nacho kitafuata njia ile ile.

Wasipokubali, kwetu Kenya Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaokubalika, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamfunga muuzaji kwa hilo. Malalamiko hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani. Mahakama ya Madai Madogo nayo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60. Huko wewe ndiye mdai, hivyo nenda na ushahidi wako, ikiwezekana na barua ya fundi mwingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Zuhura, Malindi: Mwanangu anatumia MacBook, alibandika kifuniko cha kamera, kioo kikapasuka juu. Tuna haki?

*Jibu:* Pole mama. Hapo pagumu. Apple walishatoa onyo mwaka 2020 kwamba kufunga mashine hizo zikiwa na kifuniko cha kamera kunaweza kuharibu kioo, na anayelazimika kukitumia kisizidi milimita 0.1, unene wa karatasi ya printa. Ulizeni kama mlinunua bima ya ajali.

Otieno, Kisumu: Fundi wa mtaa alishaifungua akalegeza bawaba. Nimeharibu?

*Jibu:* Umejipa kazi, kaka. Watasema ni yeye. Mwombe aandike alichokikuta na alichokigusa, na kama ana picha za kabla hajaanza, hizo ni dhahabu. Wengine wote, msifungue.

Kazungu, Kilifi: Yangu ni ya mtumba, risiti imeandikwa "bidhaa ikiuzwa hairudishwi".

*Jibu:* Maneno hayo hayafuti sheria. Sharti linalomnyang'anya mnunuzi dhamana ya ubora aliyopewa kisheria ni batili. Ila ubora wa mtumba hupimwa kwa umri na bei yake, kwa hiyo kama ufa ulitokea wiki ya kwanza, rudi kwa muuzaji leo leo, usingoje mwezi uishe.

Kazungu, Kilifi: Ni siku ya tano, mwalimu.

*Jibu:* Basi piga picha sasa hivi kungali na mwanga, kesho asubuhi uwe dukani.