Namna ya Kuandaa Taarifa ya Ukiukwaji wa Haki Uliofanywa na Mamluki

Taarifa nyingi za kuwalalamikia mamluki kwa Umoja wa Mataifa hudhoofika tangu sentensi ya kwanza, kwa sababu mwandishi hutangaza kuwa waliofanya uovu ni mamluki kabla hajaeleza walichokifanya. Kisheria jambo hilo ni gumu kulithibitisha. Ibara ya 47 ya Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, imeweka masharti sita ambayo ni lazima yatimie yote kwa pamoja: mtu awe ameajiriwa mahususi ili apigane, ashiriki mapigano moja kwa moja, asukumwe hasa na faida binafsi kwa ahadi ya malipo yanayozidi sana ya askari wa cheo kama chake, asiwe raia wa upande wowote wa vita wala mkazi wa eneo linalodhibitiwa na upande huo, asiwe askari wa jeshi la upande wowote, na asiwe ametumwa rasmi na jeshi la nchi nyingine. Akipewa uraia au akiandikishwa jeshini, hata kama ni kwenye karatasi tu, wakili wake tayari amepata pa kushika.

Kwa hiyo anza na tendo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Mei 2023 kuhusu mauaji ya Moura, nchini Mali, ilieleza kuwa watu wasiopungua 500 waliuawa mwishoni mwa Machi 2022 na jeshi la nchi hiyo likiwa pamoja na wanajeshi wa kigeni, na uzito wake unatokana na maelezo ya nani aliuawa, wapi na kwa namna gani. Ukiandika “mamluki walivamia kijiji”, hujampa mchunguzi kitu. Ukiandika kuwa baada ya swala ya alfajiri wanaume sita weupe, waliovaa magwanda yasiyo na nembo, walishuka kwenye gari la wazi pamoja na askari wa serikali, na kwamba mmoja wao alitoa amri kupitia mkalimani ndipo vijana wakatengwa na wazee, umempa muda, idadi, mavazi, lugha na mwenye amri. Hilo la mwenye amri ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ndilo linalounganisha tendo na serikali iliyowaleta.

Kuonyesha kuwa mamluki wamewanyima watu haki ya kujiamulia mambo yao kunahitaji ushahidi wa aina nyingine, na hapa Komoro inafundisha mengi. Mei 1978 Bob Denard, mamluki wa Kifaransa, na wenzake wapatao 50 walitua usiku katika kisiwa cha Ngazija na kumpindua kiongozi wa nchi, Ali Soilihi, ambaye aliuawa kabla mwezi huo haujaisha. Kwa zaidi ya miaka kumi iliyofuata, mamluki waliongoza kikosi cha Walinzi wa Rais, ambacho gharama zake zilibebwa na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini. Wananchi waliweza kupiga kura na kuwa na bendera yao, lakini bunduki iliyomlinda mtawala haikuwajibika kwao. Fuatilia basi fedha: nani analipa, mkataba ulisainiwa lini, ulijadiliwa bungeni au la, na ni leseni gani ya madini, msitu au bandari iliyotolewa karibu na siku walipowasili. Panga tarehe hizo sambamba na tarehe za matukio. Nakala moja ya leseni yenye tarehe ina nguvu kuliko kurasa nyingi za hasira, hata kama hasira hiyo ni ya haki kabisa.

Picha na video zitunzwe katika faili lake la asili, kwa kuwa picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupoteza taarifa za muda na mahali.

Kabla ya kutuma chochote, pata ridhaa ya mwathirika au familia yake, na umweleze kwamba jina lake linaweza kufika kwa serikali inayolalamikiwa asipoomba lifichwe. Usiharakishe hatua hii kwa sababu yoyote ile.

Taarifa hupelekwa kwa Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya mamluki, chenye wataalamu watano, kilichoundwa mwaka 2005 na ambacho pia hushughulikia kampuni binafsi za kijeshi. Huhitaji kumaliza kwanza mahakama za nchini kwako. Fomu iko kwenye tovuti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliyoko Geneva. Ijaze kwa Kiingereza au Kifaransa, lakini hifadhi maneno ya shahidi kwa lugha aliyoyasema. Usitegemee habari za magazeti peke yake, na epuka matusi. Kikundi hicho si mahakama na hakitoi fidia. Huiandikia serikali au kampuni, ambayo kwa kawaida hupewa siku 60 kujibu kabla barua haijatangazwa hadharani.

Vitisho dhidi ya shahidi vikianza, usisubiri siku hizo ziishe: tuma taarifa mpya, sema wazi kuwa ni ya dharura, itaje ile ya kwanza, na ueleze kitisho kilitoka kwa nani, lini na kwa njia gani.